Madirisha ya Daraja Mbili

Msomaji wa pwani akilisikia jina la Daraja Mbili huenda akatabasamu, maana kwetu daraja likipata mwenziwe huwa ni madaraja mawili. Lakini jina ni la wenyewe, na wenyewe ni watu wa Kisii, na Daraja Mbili ni soko lao kubwa la mjini: ndizi, mboga, mitumba, na umati ambao ukiingia ndani yake huhitaji kutembea, utabebwa.

Mtu aniulize: Kisii umekwenda kuchora madirisha gani? Haya si yako Lamu na Unguja?

Ni kweli, yako huko, tena yana bahati. Usam Ghaidan, msanifu wa majengo kutoka Iraq aliyekuwa akisomesha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliingia katika nyumba za Lamu, akazichora na kuzieleza katika kitabu kilichotoka 1975. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata 2001. Na pamoja na yote hayo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na kuua watu. Ukuta ukishalala chini, kinachobaki cha kumwambia fundi dirisha lilikuwa wapi na lilikuwa na upana gani ni picha na michoro. Ikiwa jumba la Sultani lahitaji kuchorwa, duka la ndizi la Kisii je?

Maana Kisii nao ni mji wenye umri. Serikali ya Kiingereza ilianzisha kituo pale mwaka 1907, na Septemba 1914 Wajerumani waliotoka upande wa ziwa walipigana na Waingereza pale pale mjini. Walakini mtu akitaja ukale wa mji ule, wenyeji wengi watakuonyesha kilima, si nyumba.

Mimi desturi yangu ni dirisha moja kwa siku, baada ya alasiri, popote nilipo. Penseli, daftari, dakika kumi. Mkono niliupata chuoni, kwa ubao na kalamu ya unyasi, ambako mwalimu alikuwa akiitazama alifu kama fundi atazamavyo mwimo wa mlango. Na kwa wale watakaouliza habari ya kuchora, naam, wanavyuoni wamesema mengi juu ya vyenye roho; lakini Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Dirisha halina roho, ingawa baadhi yao hutazama.

Wala desturi hii si yangu peke yangu. Mwaka 2007 mwandishi wa gazeti katika mji wa Seattle, Marekani, Gabriel Campanario, mzaliwa wa Hispania, aliwakusanya wachoraji wa mitaani, na leo wako katika miji mingi ya dunia. Sharti lao kubwa ni kuchora ukiwa mbele ya kitu chenyewe. Nami naongeza langu: andika tarehe, mtaa, rangi, na mbao zimepigwa misumari au zimeungwa kwa ndimi. Mchoro usiokuwa na maneno hayo ni pambo tu.

Dirisha la pwani ni refu, linaomba upepo. Lina vibao vya mlazo, na juu yake pengine roshani. La Kisii ni dogo. Kule juu kuna baridi, na mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea. Basi katika yale maduka ya zamani utakuta mbao mbili za kukunjuka, nondo nne au tano, na upenu wa bati uliotoka nje kama ukingo wa kofia ili maji yasiguse ukuta. Rangi ni ya chini buluu, juu nyeupe iliyokwisha kuwa ya chai. Sioni sababu ya kuliita hilo duni. Aliyelitengeneza aliijua mvua yake kama fundi wetu alivyoujua upepo wake.

Na yanakwenda. Kando ya soko maghorofa yanapanda, vioo na alumini. Sitamlaumu mwenye kiwanja. Ana watoto wa kusomesha, na kodi ya ghorofa si ya kibanda. Ninalosema ni dakika kumi kabla ya nyundo. Karibu na mji huo, Tabaka, wako mafundi ambao jiwe lao limefika Ulaya na Marekani likiwa bakuli na kifaru. Mikono basi haikosekani.

Mwenye kuchora bara ajue pia kwamba atatiliwa shaka. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka moja la nafaka, mama mwenye duka akatoka.

"Mzee, unaandika nini? Wewe ni wa kaunti? Mnakuja kubomoa?"

Nikamwonyesha daftari. Akalitazama, akalitazama dirisha lake, kisha akalirudia daftari.

"Hizo nondo ni tano, mzee. Umeweka nne."

"Ya tano imefichwa na gunia, mama."

Akamwita kijana, gunia likaondolewa. Akanieleza kwamba mbao zile zilipasuliwa na baba mkwe wake kwa msumeno wa mkono, na kwamba wanawe wanataka kujenga mwakani, Mungu akipenda. Ndipo akaniambia la mbele si kitu, niingie nikaone la nyuma, lingali na komeo lake la mti. Nilipita katikati ya magunia ya mahindi, nikalikuta, nikalichora upesi upesi, maana bati lilikuwa limekwisha kuanza kupigwa na mvua na mwanga ulikuwa haba.