Wi-Fi inakwama? Usikimbilie kulipa zaidi

Ni saa mbili usiku, ploti nzima imerudi nyumbani, na video yako inazunguka tu. Kabla hujalipia kifurushi kikubwa zaidi, fungua simu uangalie umeunganishwa kwa masafa gani.

Ruta nyingi za siku hizi zina mawili. Yale ya GHz 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta wa mawe hadi chumbani. Shida ni msongamano. Bluetooth imo humo, maikrowevu ya jirani imo humo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Sasa hesabu majina ya Wi-Fi unayoyaona ukiwa kitandani. GHz 5 ina nafasi tele na kasi zaidi, ila kuta mbili tu huilemea.

Ukienda kununua ruta ya mtumba, soma herufi zinazofuata 802.11. Ukiona g pekee, achana nayo. Hiyo ni ya 2003, inaishia Mbps 54, tena kwa 2.4 tu. Ya n inaweza kutumia masafa yote mawili, lakini nyingi za bei rahisi zina 2.4 peke yake, na muuzaji huenda asikwambie. Uliza! Ya ac, yaani Wi-Fi 5, ndiyo ya GHz 5. Ya ax, Wi-Fi 6, hugawia vifaa kadhaa chaneli moja kwa wakati mmoja, hivyo inafaa nyumba yenye simu kumi.

Mimi niliitoa ruta nyuma ya TV nikaiweka juu ya kabati, simu nikaihamishia 5. Kifurushi ni kile kile.