Kunguru, Mbuni na Mlima Wetu

Mwezi uliopita nilikuwa Embu kumjulia hali dada yangu. Jioni mpwa wangu, kijana wa sekondari, alinijia na kitabu cha ndege, uso ameukunja.

"Mjomba, huyu kunguru wa kifua cheupe Waingereza humwita 'pied crow'. Nimeulizwa darasani maana ya 'pied', nikajibu ni aliyetiwa ndani ya pai. Wamenicheka! Mmoja akasema eti lugha za kwetu ni maskini, hazina maneno kama hayo."

Nilikizuia kicheko, nikamketisha. Zamani Waingereza walimwita "pie" ndege mmoja mweusi na mweupe, ambaye siku hizi ni "magpie". Jina walilipata kwa Wafaransa, nao walilitoa katika Kilatini, "pica". Chochote chenye mabaka ya rangi mbili kikasemwa ni "pied", yaani kama ndege yule. Ndiyo sababu mpiga filimbi wa Hamelin, katika ile hadithi ya Ujerumani, akapewa sifa hiyo: mavazi yake yalikuwa ya rangi mbalimbali. Tena wapo wataalamu wanaodhani hata pai ya kula ilipata jina kwa ndege huyo huyo. Kijana hakuwa amepotea sana.

"Na sisi je?" akauliza.

Nilimkumbusha kanga za mama yake, ambazo husemekana zilipewa jina la ndege kanga kwa ajili ya madoa yake. Kisha nikamwambia alale, aamke mapema.

Alfajiri tulitoka uani kabla ya mawingu kutanda. Mlima ulikuwa wazi, miamba myeusi na weupe kidogo kileleni. Waembu na Wakikuyu huuita Kirinyaga, Wakamba Kiinyaa. Wengine hufasiri kuwa ni mng'aro, lakini wengi husema ndani ya majina hayo yumo mbuni, nyaga au nyaa, kwani dume lake ni jeusi lenye manyoya meupe mbawani na mkiani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, akaandika jina kama sikio lake lilivyolipokea. Mwaka 1920 koloni zima likaitwa Kenya.

"Waingereza walimtoa ndege wakapata sifa," nikamwambia. "Wazee wetu walimtoa ndege wakapata jina la mlima, na mlima ukaipa nchi jina. Sasa maskini ni nani?"

Alicheka, kisha akautazama tena mlima. "Lakini mjomba, mbona weupe wenyewe ni haba?"

Swali hilo lilinisindikiza kupitia Chuka hadi Meru, ambako mlima huitwa Kirimara, jina ambalo nalo hufasiriwa kwa weupe wa kileleni. Barafu inayeyuka. Ile ya Gregory imekwisha kutoweka, na ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki kipande. Siku mbuni atakapobaki mweusi mtupu, watoto watauliza jina lilitoka wapi. Afadhali tuanze kuwasimulia sasa, wakati bado tunaweza kuwaonyesha kwa kidole.