MAMA MJAMZITO, KULA TUNDA PAMOJA NA MAHARAGWE YAKO



Mama mjamzito anayesikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuchoka bila kazi, huenda amepungukiwa na damu. Jambo hili si dogo. Siku ya kujifungua kila mama hutokwa na damu. Mwenye damu ya kutosha huvumilia. Aliyepungukiwa anaweza kupoteza maisha. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Tunda lasaidiaje?

Ili kutengeneza damu, mwili unahitaji madini ya chuma. Maharagwe ya mgao, sombe na lengalenga vina chuma, lakini mwili huchukua kidogo tu. Vitamini C iliyo katika matunda huusaidia mwili kuchukua zaidi. Kwa hiyo tunda liliwe wakati wa chakula, si baadaye.

Matunda gani?

Si lazima ya bei kubwa. Pera lina vitamini C nyingi kupita chungwa, karibu mara nne kwa uzito ule ule. Embe, papai bivu na nanasi pia ni mazuri. Ukikosa vyote, kamulia limau kwenye mboga baada ya kuipua, kwa sababu moto mwingi huharibu vitamini hiyo.

Je, papai huharibu mimba?

Papai lililoiva halina madhara. Papai bichi lenye utomvu ndilo la kuepuka.

Mambo ya kuzingatia

1. Osha tunda kwa maji safi yaliyotiwa dawa au kuchemshwa. Osha pia mikono na kisu.

2. Usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia chuma. Subiri saa moja au mbili.

3. Usile udongo, hata ukiutamani sana. Huzuia chuma na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mweleze mkunga, hatakucheka.

4. Lala ndani ya chandarua. Malaria huharibu damu.

5. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi foliki miligramu 0.4. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma. Matunda hayachukui nafasi ya vidonge.

Nenda zahanati mara moja ukiona:

– viganja au ndani ya kope vimekuwa vyeupe;
– unahema hata ukiwa umekaa;
– una homa;
– unatokwa na damu.

Akina baba, tunda si la watoto peke yao. Likiwa moja tu nyumbani, mama mjamzito apewe sehemu yake, naye ale pamoja na maharagwe.

Ukishasoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.