Makaratasi ya Kwaya Nayo ni Urithi

Mwanakwaya wa Msamala, hapa Ruvuma, aliyewahi kuimba "Haleluya" ya Handel amekwisha kuimba muziki wa baroko, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Ni muziki wa Ulaya wa kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi. Besi hutembea chini bila kupumzika, kinanda hujaza katikati, na sauti za juu hupokezana. Katika "Haleluya" kuna mahali sauti moja huanza maneno, nyingine ikaingia na maneno yaleyale kabla ya ile ya kwanza kumaliza, mpaka zote nne zinafukuzana. Huo ni mtindo wa fuga. Handel aliitunga "Haleluya" hiyo mwaka 1741.

Muziki wa namna hiyo ulifika hata Chiquitos, mashariki mwa Bolivia, kwa mikono ya wamisionari Wajesuiti. Martin Schmid, Mswisi aliyefika huko 1730, alijenga makanisa na kuwafundisha wenyeji kutengeneza fidla na kuzipiga. Domenico Zipoli, mpiga ogani wa Roma, alihamia Córdoba ya Argentina mwaka 1717 na akafa 1726 bila kuikanyaga Chiquitos. Zilizofika ni nota zake, zikinakiliwa kwa mkono misheni hadi misheni. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuiti wote kutoka himaya yake.

Wachiquitano, wenyeji wa Chiquitos, hawakuacha. Waliendelea kupiga na kuimba, na wakayatunza makaratasi ya nota kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1972 Hans Roth, Mswisi aliyekwenda kukarabati kanisa la San Rafael, akakuta maelfu ya kurasa za nota. Tangu 1996 hufanyika tamasha la muziki huo kila baada ya miaka miwili, na miongoni mwa wapigaji wamo vijana wa vijijini, kama Waguarayo wa Urubichá. Habari hii husimuliwa vibaya: eti Mzungu alifufua muziki uliosahaulika. Roth angekuta nini kama wenyeji wasingetunza kitu?

Sisi Ruvuma hatuna Zipoli. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, baroko ikiwa imepita zamani. Misheni yao ilichomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena. Walileta nyimbo za Kigregori na za Kijerumani. Ngoma zetu za lizombe na mganda zikabaki nje ya mlango wa kanisa. Aliyelikabili jambo hilo kwa kalamu ni Padri Stephen Mbunga. Mwaka 1959 alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 kikatoka kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya Liturujia, ambayo kifungu chake cha 119 kinataka muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahili.

Tangu hapo walimu wa kwaya wametunga nyimbo nyingi mno, nazo ndizo Chiquitos yetu. Zimeandikwa kwa do-re-mi kwenye madaftari, zikatolewa fotokopi, na fotokopi ikatolewa fotokopi nyingine. Kila nakala inafifia kidogo: leo tarehe imekatika, kesho jina, mwishowe juu ya karatasi panaandikwa "mtunzi hajulikani", hata kama mtunzi mwenyewe bado anaishi mtaa wa pili. Mwalimu akifariki, daftari lake huenda likaishia kuwashia moto.

Kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Mwalimu wa kwaya, fungua kabati la parokia wiki hii. Kila wimbo uandikie jina la mtunzi, mahali na mwaka. Piga picha kila ukurasa, nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe jimboni. Na wazee waliouimba wimbo huo ulipokuwa mpya, warekodi kwa simu wakiwa bado na sauti.