Bia nayo ni pombe: Tuchague kwa busara Krismasi hii

Desemba inapobisha hodi na shule kufungwa, wengi wetu tunaofanya kazi mijini hufunga safari kwenda mashambani kujumuika na jamaa zetu. Na maadamu mkono mtupu haulambwi, hatwendi hivi hivi. Mwalimu, karani au yeyote yule apokeaye mshahara hutarajiwa kufika na unga, mchele, sukari na, katika maboma mengi, kreti kadhaa za bia.

Suala la bia ipi inunuliwe huonekana dogo mno, lisilostahili wino wa gazeti. Hata mimi nilidhani hivyo hadi Krismasi mbili zilizopita, nilipowasili nyumbani na kreti nne za bia, zote za aina moja, ile niipendayo mimi. Ami yangu, nduguye marehemu baba, alikuwa amekaa miezi minane bila kuonja kileo kwa amri ya daktari. Nilipomfungulia chupa aliitazama, akasema, "Mwanangu, pombe niliiacha." Nami, mbele ya jamaa wote, nikacheka na kumjibu, "Ami, hii si pombe. Ni bia tu!"

Alikunywa. Ni vigumu kwa mzee kuikataa zawadi ya mwana hadharani, hasa ikiwa hapana kingine cha kumpa. Kufikia katikati ya Januari alikuwa amerejea kilabuni, na ilimchukua muda mrefu na maumivu mengi kuacha tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi mtu anayefundisha isimu kwa riziki yake alivyoweza kutamka maneno kama yale. Katika semantiki tunawafunza wanafunzi kwamba kuna majina jumuishi na majina mahsusi. "Ndege" ni jina jumuishi. Kunguru, njiwa na tai wamo ndani yake. Vivyo hivyo "pombe" ni jina jumuishi. Ndani yake mna tembo la mnazi la Pwani, busaa ya Waluhya ipikwayo kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi, muratina ya Wakikuyu na Wakamba ichachushwayo kwa tunda la mwegea lililokaushwa, na bia ya shayiri iliyotiwa chupani. Kusema kwamba bia si pombe ni sawa na kusema kwamba njiwa si ndege.

Lakini je, kosa hili lilitoka wapi, mbona twalisikia kila mahali? Jibu limo katika historia yetu. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka wa 1922. Bia yake mashuhuri, Tusker, ilipewa jina la ndovu dume mwenye pembe kubwa, kwa kuwa mmoja wa waasisi wa kiwanda hicho, George Hurst, aliuawa na ndovu mwaka wa 1923 akiwa mawindoni. (Inafurahisha kwamba katika Kiswahili neno "tembo" nalo hubeba maana zote mbili, mnyama na kinywaji!) Hata hivyo, bia hiyo haikukusudiwa Mwafrika. Sheria za kikoloni zilimzuia kuinywa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilhali baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia ukiritimba wa kumuuzia pombe ya kienyeji. Ikawa bia ni ya bwana, pombe ni ya mtumishi. Marufuku yalipoondolewa, chupa ikawa ishara ya mtu aliyeendelea. Sheria ilikufa, bali maana iliyopandwa katika maneno haya mawili haikufa. Hadi leo mlevi wa busaa huitwa mlevi, na mlevi wa bia huambiwa "amechangamka".

Majina ya vileo yana hila. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi na vitongoji vyake baada ya kunywa kileo kilichotiwa methanoli. Kiliitwa "kumikumi", yaani shilingi kumi kwa kipimo. Jina lile liliwaarifu wanywaji bei pekee. Kilichomo ndani halikukigusa.

Tutachaguaje basi? Kwanza, tusome kibandiko kabla ya kutazama rangi yake. Tusker ina asilimia 4.2 ya kileo, ilhali Guinness iuzwayo humu nchini ina asilimia 6.5. Katika chupa ya mililita 500, ya kwanza ina mililita 21 za kileo halisi na ya pili mililita 32.5. Anayekunywa chupa mbili za Guinness amekunywa kileo kinachozidi kidogo kile cha chupa tatu za Tusker, ijapokuwa idadi ya chupa mezani yaweza kumdanganya yeye na mkewe. Walimu wa hisabati watapata hapa zoezi zuri kwa madarasa yao.

Pili, tununue kwa ajili ya watu, wala si kwa ajili ya ulimi wa mnunuzi. Andika majina ya watakaohudhuria kabla ya kuandika majina ya vinywaji. Shangazi apendaye bia nyepesi achukuliwe chache. Mjomba ambaye huitaka nyeusi, na hunywa moja akatosheka, awekewe yake. Atakayeendesha gari jioni asitengewe hata moja. Walio chini ya umri wa miaka 18 wamekatazwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 kuuziwa kileo, na ami au binamu asijifanye mjanja kwa kuwamiminia "kidogo tu" kikombeni. Neno "tu" ndilo lililoniponza mimi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, asiyekunywa asifanywe yatima wa karamu. Aghalabu humwekea soda moja ya moto pembeni, kana kwamba ameadhibiwa. Mbona asiandaliwe maji ya matunda yaliyopozwa, uji wa wimbi uliochachushwa vyema, au chai ya tangawizi, na aandaliwe kwanza kabla ya wanywaji? Mtu anayepambana na kileo hahitaji hotuba. Anahitaji kuwa na gilasi mkononi ambayo hakuna atakayemuuliza kwa nini haijajaa bia.

Mwaka jana nilifanya hivyo. Kreti zilikuwa mbili badala ya nne, za aina tatu, na mtungi wa maji ya ukwaju ulitangulia mezani. Ami alijimiminia mwenyewe, akaketi nasi hadi usiku akitusimulia habari za ujana wake na marehemu baba. Hakuna aliyemtaja daktari.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ile Krismasi ya kwanza nilikwenda nikiwa mgeni, na mwenyeji wangu hakupona. Wewe uendaye nyumbani wiki hizi, mtazame mwenyeji wako vyema kabla hujafungua chupa.