Umesota ama unasota?

Msee akikwambia "nimesota" huhitaji kamusi. Mfuko hauna kitu, M-Pesa inasoma sufuri, na mipango ya Ijumaa mwende bila yeye. Lakini hebu ifungue hiyo kamusi hata hivyo. Kusota, utaambiwa, ni kujikokota kwa matako, vile mtoto ambaye hajajua kutembea hufanya sakafuni. Pesa hazitajwi popote!

Sasa vuka Namanga. Gazeti la Tanzania likiandika kwamba mtu "asota rumande" miaka miwili, usidhani aliingia huko na pesa zikamwishia. Kwao kusota ni kutaabika kwa muda mrefu: kwenye foleni, mahabusu, ama mzee anayesubiri mafao yake ya kustaafu. Ukiangalia vizuri, yule mtoto bado yupo. Anasonga, ila polepole na kwa taabu.

Sisi wa Sheng tulichofanya ni kubadilisha wakati wa kitenzi. Mtanzania "anasota", jambo bado linaendelea. Mkenya "amesota", basi, imeisha hiyo. Kuna hata wanaosema "niko sota", kana kwamba ni sifa ya mtu kama urefu. Kipindi chenyewe tunakiita msoto, na Januari (sawa, Njaanuari) ndio msimu wake mkubwa.

Mimi nalipenda hili neno kwa sababu halina aibu. Ukisema "sina pesa" unasikika kama unaomba. Ukisema "nimesota" watu wanacheka, na hakosi mmoja wa kukujibu "hata mimi". Shida ni kwamba kicheko hicho kinaficha mengi. Anayekosa nauli ya kwenda kuona mechi amesota. Aliyelala njaa siku mbili, naye pia amesota. Nikiwa mwaka wa pili chuoni karo ilikwama, na muhula mzima nilisema "nimesota". Darasa lote lilisikia. Walipokuja kuelewa nilikuwa nishabeba godoro nikarudi mtaani.

Kwa hivyo siku hizi rafiki akiniambia amesota, namuuliza: umesota ya wikendi ama ya sufuria? Wa wikendi hucheka. Wa sufuria hunyamaza kwanza, na huyo mpeleke kibandani kabla hujamuuliza swali lingine.