Java yako haifunguki kwa mteja? Jaribu jpackage

Mwaka jana nilimuundia mama mmoja mwenye hadwea Githurai programu ya kuhesabu stoki. Kwa laptopu yangu ya Linux ilikuwa inaenda fiti. Nikaipeleka dukani kwa fleshi, nikabofya kwa kompyuta yake ya Windows. Kimya.

"Sasa kijana wangu, nalipia nini?" akauliza. Na hiyo pesa ndiyo ningelipia nyumba.

Kosa lilikuwa langu. Tangu 1995 sifa ya Java ni kwamba unaandika programu mara moja, inafanya kazi popote. Lakini hiyo "popote" ina masharti: lazima mashine iwe na Java ndani. Yake haikuwa nayo.

Dawa imo ndani ya JDK na hulipii kitu. Inaitwa jpackage, rasmi tangu JDK 16 ya mwaka 2021. Inachukua faili yako ya JAR, inaifunga pamoja na Java inayohitaji, kisha inakupa kifurushi cha kusakinisha: exe au msi kwa Windows, dmg kwa Mac, deb au rpm kwa Linux. Mteja anabofya tu.

Ila chunga: ukiwa Linux hutatoa exe. Kila kifurushi hutengenezwa kwenye mfumo wake. Niliazima Windows ya jirani, nikaweka JDK na WiX, nikarudi dukani.

Mama alilipa. Chuo sikumaliza, lakini siku hizi sipeleki kazi kabla sijaijaribu kwa mashine isiyo na Java.